Hofu Inayoota: Maswali Yenu Kuhusu Hadithi za Kuvu

Hadithi za majini hazinishtui tena, lakini za kuvu kummeza mtu akiwa hai zinaninyima usingizi. Kwa nini? (Dada wa Ipuli)

Jini ana nia, dada yangu. Unaweza kumsomea dua akaondoka. Kuvu haimchukii mtu, inakula tu. Tena haitoki mbali, maana uyoga nao ni kuvu. Mvua zikikolea, ndoo za uyoga hupangwa kando ya barabara ya Sikonge, nasi tunaununua na kuuunga kwa karanga. Hofu hii inatujia kupitia chungu chetu wenyewe. Hata lugha iliijua mapema: uyoga huota, na aliyelala huota. Ukungu hufunika bonde alfajiri, na ukungu huo huo kwa jina hufunika mkate.

Eti kuna kuvu inayomwendesha sisimizi? (Kijana wa Urambo)

Ipo, inaitwa Ophiocordyceps. Sisimizi aliyeambukizwa huwaacha wenzake, hupanda mmea, huuma jani asiachie, na kufia hapo. Kisha kikonyo humchipuka kichwani na kumwaga spora, yaani vumbi lake la uzazi, chini, wanakopita wenzake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kuvu imezagaa kwenye misuli yake, ila haikuingia kwenye ubongo. Ubongo wake haukuvamiwa, na bado miguu si yake! Sijasoma hadithi ya kubuni inayonitisha kuliko hilo. Wewe usihofu: joto la mwili wetu, nyuzi 37, huzishinda kuvu nyingi.

Hadithi hizi za kuvu zilianzia kwenye gemu za video?

Hapana. Mwaka 1907 Mwingereza William Hope Hodgson alichapisha "The Voice in the Night": mtu na mchumba wake wamekwama mahali palipojaa kuvu, njaa inawazidi, wanaionja.

Nataka kuandika yangu, ya hapa Tabora. Nianzie wapi? (Mwalimu wa Kitete)

Anzia kwenye kichuguu, Mwalimu. Mchwa hulima kuvu humo ndani, wakiilisha miti na majani makavu, nayo inawalisha. Mvua ikinyesha uyoga hutokeza juu, tunachuma. Nani anamfuga nani? Ghala nalo lina kisa, ila kiandike kwa heshima, maana wapo waliofiwa: mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na ilikuwa kwenye mahindi, chakula cha kila siku.

Mimi ningemchagua bibi anayeujua uyoga kuliko kijiji kizima, ambaye hajawahi kukosea. Siku moja anarudi na kapu limejaa, wajukuu wanamuuliza jina la uyoga ule, naye anakaa kimya, anawasha moto.