Kabla ya Kubeba Dodoso Kwenda Kijijini

Katika ofisi ya kijiji kimoja cha milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, kuna daftari kubwa la wageni, lenye safu za tarehe, jina, mahali atokako mgeni, madhumuni na saini. Nilipokuwa nikimsubiri mtendaji nililipekua, nikakuta chini ya madhumuni neno moja likijirudia ukurasa baada ya ukurasa: utafiti. Hapakuwa na mstari hata mmoja wa mgeni aliyerudi kueleza alichokipata. Jina langu nalo lilikuwamo, la miaka miwili nyuma, nilipokwenda kuchukua udongo wa mashamba ya watu kwa ajili ya shahada yangu ya uzamili.

Mzee ambaye shambani kwake nilijaza mifuko sita ya udongo aliitikia shikamoo yangu, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, ule udongo ulisemaje?" Majibu nilikuwa nayo: shamba lake lilikuwa na tindikali nyingi na upungufu wa fosforasi. Lakini yalikuwa yamejalidiwa kwa Kiingereza na kuwekwa maktabani. Kwa misimu miwili mzee huyu alipanda mahindi bila kujua jambo ambalo mimi nilitunukiwa shahada kwa kulijua.

Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Akila asirudi, ni msaliti. Mfano huo niliusikia tangu shuleni, ila siku ile ndipo uliponiingia.

Kwa hiyo wewe mwanafunzi au mhadhiri unayejiandaa kwenda kijijini, nakusihi uanze na nauli ya kurudi. Iandike kwenye bajeti ya pendekezo la utafiti pamoja na gharama za maabara, kwa sababu fedha isiyotengwa mwanzoni haipatikani mwishoni. Ukirudi, usiishie kwa mtendaji. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu na kuwahusisha wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, ndio mahali pa kusemea. Mwombe mwenyekiti akuweke kwenye ajenda. Andaa kurasa mbili za Kiswahili chepesi, uzibandike kwenye ubao wa matangazo na umpe nakala afisa ugani. Yaliyoshindikana nayo yaseme.

Kisha nyamaza usikilize. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Wakulima walilalamika kwamba kazi ilikuwa kubwa mno na kwamba udongo usio na rutuba ulikuwa ukiletwa juu, lakini hawakusikilizwa, hadi ghasia zilipozuka Matombo mwaka 1955 na mpango huo ukaachwa. Mkulima akikaa kimya mbele ya mtaalamu, usidhani ameridhika. Huenda babu yake alishasema, asisikike.

Kwamba kurudisha majibu kunawezekana, hapo hapo Morogoro kuna ushahidi. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa makohozi yanayoletwa kutoka zahanati na hospitali. Sampuli ambayo hadubini haikuona kitu, panya akiitilia shaka, hupimwa tena, na ikithibitika kuwa na kifua kikuu taarifa hurudishwa ili mgonjwa atafutwe aanze dawa. Ninachokipenda zaidi si panya, ingawa ndio wanaopigwa picha. Ni ile safari ya jibu kurudi kwa mwenye kikohozi.

Nawe mtendaji wa kijiji una nafasi yako. Mhuri wako ndio unaomfungulia mtafiti milango ya wananchi, basi kabla ya kuugonga chukua rula, uchore kwenye daftari la wageni safu moja zaidi yenye kichwa "tarehe ya kuleta majibu", na kila anayeandika "utafiti" aijaze mbele yako pamoja na namba yake ya simu. Tarehe hiyo ikipita, mpigie.