Kabla hujanunua programu ya kurekebisha sauti ya sebule

Fleti nyingi za Nairobi zinafanana: kuta za mawe, slabu ya zege juu, vigae chini, mlango wa chuma. Besi ikiingia humo haina pa kutokea. Ndiyo maana spika zilizokupendeza dukani Luthuli Avenue zikifika sebuleni South B zinaanza kuvuma. Programu itakusaidia, lakini ianze kazi baada yako.

Chukua tepu ya fundi upime urefu wa chumba. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Zidisha urefu huo kwa mbili, kisha gawanya 343 kwa jibu hilo. Sebule ya mita 4 inakupa karibu hezi (mitetemo kwa sekunde) 43, na hiyo ndiyo noti ambayo chumba chenyewe huivumisha. Waya mnene wa gita la besi ukipigwa wazi unatoa hezi 41, kwa hiyo mpiga besi wa rumba akishuka pale, noti moja inafura na jirani zake zinabaki kawaida. Mvumo huo una nguvu ukutani na hufifia katikati ya chumba. Kochi lililobanwa ukutani, kama tulivyozoea ili watu wapate pa kupita, ndipo unapozidi. Livute mbele nusu mita usikilize tena. Gharama yake ni kuwaeleza wa nyumbani tu.

Sasa pima. REW ni programu ya bure ya kupima sauti ya chumba, na maikrofoni ya USB kama UMIK-1 ina faili lake la usahihishaji linalopatikana kwa namba yake, usilisahau. Ya simu iache, mara nyingi inapunguza besi. Fanya kazi usiku matatu zikipungua, friji ikiwa imezimwa. Usipime mahali pamoja tu: sogeza maikrofoni huku na huku pale kichwa chako kinapokaa, kisha uchukue wastani.

Ukitazama grafu utaona vilima, yaani noti zilizozidi, na mashimo, yaani zilizopungua, na hapa ndipo wageni wengi hupotea. Kilima kikate kwa programu ya kurekebisha. Shimo liache. Shimo refu na jembamba kwa kawaida ni mawimbi mawili yanayofutana, la spika na lile lililorudi kutoka ukutani. Ukiongeza moja, na jingine linaongezeka, na yanafutana vilevile. Isitoshe, kuongeza desibeli 10 ni kudai nguvu mara 10: amplifaya iliyokuwa ikitoa wati 5 sasa inadaiwa 50, na sabwufa ndogo itaanza kugonga. Shimo hutibiwa kwa kusogeza spika au kiti.

Juu ya hezi 300 hivi mimi huweka breki, programu isiguse. Mwangwi wa huko ni kazi ya zulia nene na pazia zito. Dirac Live, mojawapo ya programu za kurekebisha, inakuruhusu kuweka mpaka huo, na pia kuchora mstari wa grafu unaoutaka. Usiunyooshe kama rula. Uache uteremke taratibu kuelekea sauti za juu, la sivyo muziki utakuwa mwembamba na mkali.

Ukilinganisha kabla na baada, kumbuka kwamba umekata vilima, kwa hiyo sauti imeshuka, na sikio hupenda chenye sauti kubwa. Pandisha volyumu hadi pande zote mbili zilingane, ndipo uamue.