Shamba la Babu Halikugawanywa: Ni Wakf au ni Mirathi?

SWALI: Assalamu alaikum Sheikh. Babu yake baba yangu aliacha shamba la minazi na miembe huku Kisauni, Mombasa. Alifariki akaacha mke, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Shamba halikugawanywa. Babu yangu na nduguye walililima, wakaja baba na ami, na sasa ninalishughulikia mimi. Dada yake babu alikuwa akipelekewa nazi na maembe tu. Sasa wajukuu zake wanadai fungu lao. Wazee wetu wanasema marehemu aliusia "shamba hili lisiuzwe", kwa hiyo ni wakf yetu sisi tunaolilima. Je, wana haki? Na minazi niliyoipanda mimi?

JIBU: Wa alaikumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Wana haki, ndugu yangu, na haki hiyo haikuanza walipobisha hodi kwako. Ilianza pale marehemu alipokata roho. Aya ya 7 ya Suratun Nisaa imewapa wanawake fungu katika waliyoyaacha wazazi, yawe machache au mengi, na kukaa miaka hakulifuti. Kikapu cha nazi ni ukarimu, si mirathi.

Ama wakf, yaani mali iliyozuiwa isiuzwe wala kurithiwa ili manufaa yake yatolewe, wazee wamechanganya mambo. Sayyidna Umar alipopata ardhi Khaybar, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aizuie asili yake na mazao yake ayatoe sadaka. Hapo ndipo lilipokuja sharti la kutouzwa wala kurithiwa. Kwetu Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, lazima mwenye mali atamke wakf na ataje nani anufaike. "Lisiuzwe" peke yake ni nasaha ya mzee anayeogopa wanawe watatapanya. Na hata angesema ni la wanaume tu baada yake, hakuna wasia kwa mrithi ila warithi wenziwe waridhie. Hata hivyo, kabla hamjagombana, nendeni ofisi ya Tume ya Wakf hapa Mombasa na msajili wa ardhi, mtazame kama kuna maandishi.

Pasipokuwa na wakf, na ikiwa marehemu hakuacha wazazi, baada ya deni fanyeni shamba mafungu 40. Mke thumuni (moja ya nane), yaani mafungu 5, kila mwana 14, binti 7. Mke alipofariki, ikiwa warithi wake ni wanawe hao watatu tu, 5 zake zinawarudia: kila mwana anafikia 16 na binti 8. Kwa hiyo dada yao ana khumsi nzima (moja ya tano) ya shamba. Hiyo ndiyo inayoshuka kwa warithi wake, na mumewe ahesabiwe iwapo alikuwa hai alipofariki. Msiruke kifo hata kimoja, kila maiti na warithi wake.

Minazi aliyoiacha marehemu ni tereka, yaani mali ya kurithiwa. Uliyoipanda kwa pesa zako, warithi wenzio wakijua, ithaminiwe, kwani sisi watu wa Pwani tumezoea mnazi kuwa na mwenyewe na ardhi kuwa na mwenyewe. (Kama unawakodishia wagema wa tembo la mnazi (pombe), hilo ni swali jingine, na jibu lake hutalipenda.) Mazao ya miaka iliyopita, waombeni wasamehe. Msamaha ni wao kuutoa, si nyinyi kujichukulia.

Mkishindwa kusikizana, Mahakama ya Kadhi ina mamlaka ya mirathi ya Waislamu kwa kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya, pande zote zikikubali kwenda huko. Mpelekeeni Kadhi majina ya maiti wote kwa mpangilio wa vifo vyao, na msiuze hata kipande kabla ya hapo.

Wallahu aalam.