Ukirekebisha modeli ya mwenzako, acha jina lake

Faili la LDraw, mfumo wa kujenga modeli za matofali ya LEGO kwenye kompyuta, ni maandishi matupu. Lifungue kwa programu yoyote ya kuandikia, utakuta mstari wa "0 Author:", wenye jina la aliyelitengeneza, na kwenye vipande vya maktaba rasmi utakuta pia "0 !LICENSE", yaani leseni yake. Mgeni anayeburuta matofali kwenye skrini huenda asiione mistari hiyo hata mwaka mzima. Ndivyo nilivyokuwa.

Modeli ya kwanza niliyoisambaza ilikuwa treni ya mtu. Nilibadilisha rangi, nikarefusha behewa kwa vinundu vinne vya tofali, nikafuta jina lake na kuweka langu. Mwenyewe akaniandikia, tena kwa upole ambao sikuustahili. Alinionyesha tofali moja chini ya injini lililoning'inia hewani bila kushikwa na kitu. Lilikuwa kosa lake la zamani, nami nilikuwa nimelinakili na mengine yote. Nilikosa pa kujificha.

Tenganisha kipande na modeli. Vipande vya maktaba ya LDraw, iliyoanzishwa na James Jessiman mwaka 1995, unaruhusiwa kuvitumia na kuvibadilisha mradi umtaje aliyevichora. Modeli iliyojengwa kwa vipande hivyo ni kazi ya mjenzi, na ana haki ya kuipa leseni yake. Asipoandika chochote, haki zote ni zake. Kimya si ruhusa.

Herufi za Creative Commons, leseni zilizo tayari ambazo mtu huambatanisha na kazi yake, zizoee mapema. BY, taja jina. NC, usiitumie kibiashara. SA, toleo lako litoke kwa leseni ileile. Inayowanasa wengi ni ND: rekebisha utakavyo kwenye kompyuta yako, ila usilisambaze ulilorekebisha. Na hata penye BY tupu, unatakiwa useme kwamba umebadilisha. Mimi huongeza mstari mmoja chini ya jina la kwanza: "0 // Behewa limerefushwa, rangi zimebadilishwa", kisha jina langu.

Watu huuliza wabadilishe matofali mangapi ndipo modeli iwe yao. Hakuna idadi hiyo, na anayeitafuta kwa kawaida ameshajua jibu.

Leseni isipoonekana, huwa naandika: nimegusa hiki na hiki, naomba kuisambaza, jina lako litakaa juu. Asiponijibu, faili linabaki kwangu.