Jibu: vigawo tasa vya 246,246,246,246 bila kompyuta

Mkuu, umesema kijana wako wa kidato cha pili hapo Iringa kapewa atafute vigawo tasa (vigawo visivyogawanyika ila kwa 1 na kwa vyenyewe) vya 246,246,246,246, mkagawanya na kikokotoo cha simu mpaka mkachoka. Mimi nafundisha hesabu huku Rungwe na maswali ya namna hii nayatoa sana, kwa hiyo vumilia maelezo marefu kidogo.

Kabla ya kugawanya chochote, itazameni namba yenyewe. Darasani kwangu wengi wanaanza na 2, wanaenda 3, wanabaki na 41,041,041,041, halafu wanakwama kwenye 5. Siku moja binti mmoja wa dawati la nyuma akaniuliza, "Mwalimu, mbona 041 inajirudia?" Nikamwambia swali kalimaliza, aje ubaoni. Namba inayojirudia hivyo ni 41 mara 1,001,001,001. 41 yenyewe ni tasa, hiyo wekeni pembeni.

Sasa 1,001,001,001 ni 1,001 mara 1,000,001. Na 1,001 ni 7 × 11 × 13. Hii kijana aikariri kama jina lake, maana inampa kipimo cha namba tatu kwa mpigo: gawa tarakimu katika makundi ya tatu tatu kuanzia kulia, toa, jumlisha, toa. Hapa 246 − 246 + 246 − 246 ni sifuri, kwa hiyo 7, 11 na 13 zote zimo. Mngeyaona hayo hata kabla ya kushika simu.

1,000,001 ni 100 kwa kipeo cha tatu, jumlisha 1. Umbo hilo huvunjika hivi: (100 + 1) mara (10,000 − 100 + 1), yaani 101 × 9,901.

Jasho lenyewe liko kwenye hii 9,901, namba ndogo kabisa ukilinganisha na tulikotoka. Ni tasa au si tasa? Kipeuo chake cha pili hakifiki 100, kwa hiyo kwa kawaida ungejaribu namba tasa zote hadi 97, nazo ziko 25. Ila kwa kuwa imetoka ndani ya 1,000,001, kanuni ndogo ya Fermat (inayohusu baki za vipeo unapogawa kwa namba tasa) inabana zaidi: kigawo tasa chake chochote, ukitoa 1 kwake, lazima kinachobaki kigawanyike kwa 12. Zinabaki 13, 37, 61, 73 na 97 tu. Ukigawa 9,901 kwa kila moja, baki ni 8, 22, 19, 46 na 7. Hakuna inayoingia, basi 9,901 ni tasa.

Jibu: 2 × 3 × 7 × 11 × 13 × 41 × 101 × 9,901. Kwa kuwa kila moja imetokea mara moja, kila kigawo cha namba hii ama kinaichukua ama kinaiacha, hivyo jumla ya vigawo ni 2 kwa kipeo cha 8, yaani 256, ukihesabu 1 na namba yenyewe.

Aliyesema hapo juu kwamba namba kubwa zote huvunjika kirahisi hivi, hapana. Hii ilitungwa ivunjike. Chukua 2 kwa kipeo cha 67, toa 1, yenye tarakimu 21. Mersenne, mtawa na mwanahesabu Mfaransa, mwaka 1644 aliiweka kwenye orodha yake ya namba tasa. Mwaka 1876 mwanahesabu Mfaransa Lucas akaonyesha kwamba si tasa, ila vigawo vyenyewe hakuvipata! Vilisubiri hadi 1903, Frank Nelson Cole wa Marekani alipovitoa: 193,707,721 × 761,838,257,287. Kujua kwamba namba inavunjika na kujua inavunjikia wapi ni kazi mbili tofauti, na ya pili ndiyo inayotesa.

Kijana akimaliza mpe 357,357,357,357. Asikimbilie kujaza 256, maana humo 7 inatokea mara mbili, na vigawo vyote vinakuwa 192.