Tumbo miaka miwili, kila nikipima naambiwa taifodi

Jamani hili niliseme maana limenila hela na muda. Mimi nimekulia Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, ziwani ndo tulikuwa tunaoga, tunafua, tunachota maji, baadae nikahamia Dar kikazi. Tumbo likaanza kunisokota, naharisha naacha naharisha tena, siku nyingine choo kina kamasi na damu kidogo. Kila nikienda dispensari ya mtaani natolewa damu naambiwa taifodi, napewa dozi, nafuu wiki mbili, linarudi. Mara nne hivyo! Ultrasaundi nimepiga mbili, zote safi.

Sasa kile kipimo cha taifodi cha haraka, Widal, kinatafuta kinga za mwili sio mdudu mwenyewe, na kinga hizo zinaweza kubaki kwenye damu hata ukishapona, ndo maana ukitaka uhakika unaomba damu ioteshwe maabara. Na ultrasaundi ni nzuri kwa ini na nyongo, ila kidonda kilichoko ndani ya utumbo usitegemee ikuonyeshe.

Aliyenisaidia ni daktari mmoja mama mtu mzima, aliniuliza kitu ambacho wote hawakuuliza, "Umekulia wapi mwanangu?" Nilipomjibu akashuku kichocho cha tumbo, minyoo inayoingia kupitia ngozi ukiwa kwenye maji ya ziwa, akaandika kipimo cha choo tu, tena siku tatu tofauti, kwa sababu mayai ya minyoo hiyo hayatoki kwa wingi uleule kila siku. Cha kwanza hamna kitu, cha pili yakaonekana. Nikapimwa uzito, nikala, nikameza dawa ya kichocho, prazikwanteli, palepale. Miaka miwili yote ile, na kipimo chenyewe bei yake haifiki hata ultrasaundi moja!

Kwa hiyo ukienda, elezea ulikoishi, maji unayotumia, choo kikoje, usione aibu. Choo kipeleke kikiwa kibichi, hasa wakitafuta amiba, na kisichanganyike na mkojo. Kama shida ni kiungulia na wanashuku vidonda vya tumbo, kipimo cha choo cha H. pylori, yule bakteria wa vidonda vya tumbo, ni bora kuliko cha damu, ila omeprazole, ile dawa ya kupunguza asidi, uwe umeiacha wiki mbili, muulize daktari kwanza. Na wewe unayetoa damu huku unakonda au damu inapungua mwilini, usizunguke na vidonge vya minyoo, ulizia kipimo cha kamera cha utumbo mpana mapema, nakuomba sana.

Mdogo wangu bado yuko Ukerewe, juzi nimemtumia hela akapime.