Logi za baa, 1/x na integresheni: maswali yenu na majibu

Swali: Kwa nini logi (kipeo unachoweka kwenye 10 upate namba yako) ya 0.0342 inaandikwa 2 yenye kimstari juu halafu .5340, si waweke tu alama ya kutoa mbele yaishe?

Jibu: Hapa wengi wanapotea aisee. Kile kimstari, yaani baa, kinaifunika 2 peke yake kwa sababu hasi ni hiyo 2 tu, .5340 bado ni chanya, na jedwali linakupa desimali chanya peke yake. Ukiandika yote hasi unapata -1.4660, sasa hiyo .4660 ukienda nayo kwenye antilogi (jedwali la kurudi toka logi kwenda namba) ilivyo unatoka na jibu la ajabu. Kasheshe yenyewe inakuja kwenye kugawanya, mfano unatafuta kipeuo cha tatu cha 0.0342, inabidi ugawe baa 2.5340 kwa 3 na baa 2 haigawanyiki kwa 3, basi ifanye baa 3 halafu ile moja uliyotoa irudishe kwenye desimali, inakuwa baa 3 na 1.5340. Gawa sasa, baa 1 na .5113, antilogi yake karibu 0.325. Izidishe yenyewe kwa yenyewe mara tatu uone inarudi karibu pale pale. Usiache kuhakiki, inachukua nusu dakika tu.

Swali: Kalkuleta zipo, majedwali ya nini tena?

Jibu: Kwa kupata jibu haraka, kalkuleta inatosha kabisa. Ila jedwali linakuonyesha logi inafanya kazi gani: 0.3010 ya 2 jumlisha 0.4771 ya 3 ni 0.7781, nenda kaangalie logi ya 6. Kuzidisha kumegeuka kujumlisha, na ndo maana John Napier alipotoa majedwali yake 1614 watu wa nyota na mabaharia waliyadaka, halafu Henry Briggs akaja na ya besi 10, hizi tunazotumia.

Swali: Kanuni ya integresheni (kutafuta eneo chini ya grafu), ile ya kuongeza 1 kwenye kipeo halafu unagawa kwa kipeo kipya, mbona kwenye 1/x inagoma?

Jibu: Inagoma kwa sababu kipeo ni -1, ukiongeza 1 unapata 0 na huwezi kugawa kwa 0. Swali hili nalipenda sana. Chora grafu ya 1/x, angalia eneo chini yake kutoka 1 mpaka 2, halafu kutoka 2 mpaka 4. La pili lina upana mara mbili lakini urefu umepungua nusu kila mahali, kwa hiyo maeneo ni sawasawa! Kila ukizidisha x kwa 2 eneo linaongezeka kiasi kile kile, yaani kuzidisha kunageuka kujumlisha tena, hiyo si logi hiyo? Ndo maana jibu ni ln x, yaani logi ya besi e, namba ya karibu 2.718. Eneo la 1 mpaka 2 ni 0.693, na ukichukua ile 0.3010 ya kwenye jedwali ukazidisha kwa 2.3026, ambayo ni ln 10, unaipata hiyo hiyo 0.693.

Swali: Najuaje nitumie sabstitusheni (kubadilisha x kwa u) au integresheni kwa sehemu (ya kuzidisha vitu viwili)?

Jibu: Tafuta kama difarensheni ya kilicho ndani ipo pale nje. Linganisha x·e^(x²) na x·e^x, zinafanana kwa macho tu. Ya kwanza, ndani kuna x², difarensheni yake 2x, na x ipo nje inasubiri, so weka u = x² imeisha, nusu ya e^(x²) jumlisha C, namba yoyote isiyobadilika. Ya pili ndani hakuna cha kubadilisha, hapo ni kwa sehemu, unapata x·e^x toa e^x jumlisha C. Ln x nayo ni kwa sehemu, ichukulie kama 1 mara ln x, inatoka x ln x toa x jumlisha C.

Swali: Nikifanya sabstitusheni kwenye integrali yenye mipaka najibu vibaya kila mara.

Jibu: Tatizo ni kwamba hubadilishi mipaka, na inabidi ibadilike iwe ya u. Chukua 2x/(x²+1) kutoka 0 mpaka 1, u = x²+1, basi x ikiwa 0 u ni 1, x ikiwa 1 u ni 2, unaintegreti 1/u kutoka 1 mpaka 2, na hilo eneo tumeshalipata hapo juu, 0.693.